Wakati Kibali Kinasubiriwa

Kwetu Iringa, aliye ughaibuni haambiwi habari za ugonjwa. Anaambiwa mvua zimenyesha, mahindi yamekubali, mama anakusalimia. Ukiuliza mbona haji kwenye simu, utasikia amelala, yuko kanisani, amekwenda kwa jirani. Mama yangu alikwenda kwa jirani miezi mizima nami sikushtuka, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye kibali.

Nilikuwa nahudumia wazee hapa Barking. Nyumba ya wazee iliyonileta Uingereza ilikuwa inakaribia kufungwa. Nilipata mwajiri mwingine, lakini asingeweza kunichukua kihalali mpaka niombe kibali upya. Nikaomba. Sheria yao haina huruma: ukitoka nchini kabla ya jibu, ombi limekufa, na kazi imekwenda nalo. Kazi ya huku ndiyo iliyokuwa inatulisha ukoo mzima.

Wiki hiyohiyo dada yangu mkubwa akanipigia. Nilikuwa kituo cha basi, nimevaa sare ya kazi.

"Mdogo wangu, uko na mtu hapo?"

Mtu wa kwetu akikuuliza hivyo, umeshajua. Nilikaa chini palepale, watu wakanipita.

Mama alikuwa amefariki. Figo.

"Alitukataza tusikuambie mpaka visa itoke," dada alisema huku analia. "Alisema utaacha kila kitu urudi."

"Si ndiyo! Ningekuja kabla sija-apply, Dada! Sasa application iko pending, natokaje?"

Akauliza kwa upole, "Tukusubiri?"

Nikasema mzikeni. Niliichukia sheria yao, na nikauchukia zaidi upendo wetu huu wa kufichana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nasema kimeniumbua mimi niliyefichwa.

Jibu liliingia kwenye simu asubuhi moja nikimlisha uji bibi mmoja wa Kiingereza. Nimekubaliwa. Nilimfuta bibi mdomo, nikatoka hadi kwenye korido, nikampigia dada. Alimshukuru Mungu.

"Basi sasa naweza kukuambia," alisema. "Mwishoni alikuwa anakuita wewe tu. Tukamwambia uko njiani. Akasema tusifunge mlango."