Sabuni ya Matanga ya Shija

Nilikwenda Zagayu kwa sababu niliishiwa visingizio. Tangu Vita vya Kagera viishe, miaka kumi na mitano, nilijiambia kwamba kiwanda hakinipi ruhusa. Mwaka ule kiwanda kikauzwa, tukapunguzwa kazini, na mke wangu akaniuliza, "Haya, sasa zamu yako iko wapi?" Rafiki yangu Shija nilimzika kwa mikono yangu ng'ambo ya mto Kagera, na kwao Zagayu walikuwa hawajawahi kuniona.

Alfajiri, Mwanza. Nilipanda basi na mfuko wa rambo wenye mche mmoja wa sabuni. Vitani Shija alisema tukirudi atampelekea mama yake sabuni. Mimi nikarudi, sabuni ikaadimika, tukawa tunapanga foleni kugombea kipande. Siku hizi kila kibanda kinayo, ya kila rangi.

Saa nne, Lamadi. Basi lilizungukwa na wauza samaki. Nilitafuta sato wa kuchoma nikaletewa mapanki, mifupa na vichwa vya sangara, maana minofu inakwenda kiwandani. Sikuwa na njaa kwa kweli. Nilikuwa natafuta sababu ya kushuka.

Saa sita, Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia msimu ule, na lori la mmoja wao lilikuwa linakwenda Zagayu. "Panda juu ya magunia, mzee," dereva aliniambia. "Matupu hayo, yatakulaza vizuri." Hayakunilaza. Mifupa yangu ilikuwa imechoka kabla ya safari.

Saa tisa nilifika kwao Shija. Mama yake alikuwa uani anachambua pamba pamoja na Kabula, mjane wa Shija.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Watoka wapi?"

Nilimwambia mimi ndiye niliyemzika mwanawe. Akaweka pamba chini.

"Karatasi ya serikali ililetwa," alisema. "Nikawaambia, karatasi haikushika jembe. Aliyemfukia aje mwenyewe, ndipo tunyoe. Ukinyoa matanga ya mtu aliye hai, umemuua wewe."

Kumbe hawakuwa wamenyoa mpaka siku ile. Matanga hayajanyolewa, mjane haolewi. Wanaume wawili walikuwa wameleta ng'ombe kumposa Kabula, wakarudishiwa. Nilidhani serikali ilishawaambia, basi imekwisha. Sikujua kwamba walikuwa wananingoja mimi.

Nikawaeleza yote, hata lile lililonifunga miguu miaka yote. Siku aliyokufa, zamu ya kuchota maji ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa, Shija akaenda badala yangu, akapigwa risasi mtoni.

Mama akauliza, "Mlimfunika na nini?"

"Blanketi langu."

"Basi hakulala na baridi," alisema, akaanza kulia kwa sauti. Majirani wakaacha pamba zao wakaja, wakakaa chini. Nami nililia, sikuona haya.

Baadaye aliagiza maji na wembe. Nikatoa sabuni yangu. Kabula akampaka mkwewe povu kichwani, akaanza kumnyoa taratibu.

"Baba," Kabula aliniuliza bila kunitazama, "Mwanza uliondoka lini?"

"Leo alfajiri."

Mkono wake ukasimama.

"Leo hii?"

"Leo hii, mayu."

Akaosha wembe, akaendelea. Mvi za mama zilidondoka kwenye kanga. Kisha Kabula akakaa chini naye akanyolewa, na nywele zake pia zilikuwa zimeanza mvi.

Kesho yake niliondoka asubuhi na lori lilelile, sasa limejaa pamba. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba vita vilitula ujana. Wa kwangu, sawa. Wa Kabula niliula mimi, nikiwa nimekaa Mwanza.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Mke wangu akaniuliza kama huko ni mbali.

"Si mbali," nilimjibu, nikaingia ndani kulala.