Maandishi Madogo Ubaoni

Mwaka ule nilikuwa na ugomvi na macho ya watoto wa watu. Gredi ya Sita, wanafunzi zaidi ya sitini, na kila nikimaliza kuandika ubaoni wale wa nyuma wanaanza: "Mwalimu, hatuoni." Nimefundisha Garissa tangu nilipotoka Meru nikiwa msichana wa sanduku moja, na ninajua ujanja wote wa mtoto asiyetaka kunakili. Nikawaleta mbele. Walipofika mbele nao wakasema hawaoni. Nikaagiza wazazi wa wanane waje shuleni, tena waje wakijua kwamba watoto wao wanahitaji miwani.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akautazama ubao, kisha akanitazama mimi.

"Walaal, mtoto yangu akienda Modogashe kwa baba yake, yeye naona ngamia iko bale mbali, nasema hii yetu, hii ya jirani. Macho yake iko fizuri, wallahi. Ni wewe naandika ndogo ndogo. Wewe ndiyo nende hosbitali."

Nilipandwa na hasira. Mimi! Mimi ambaye chuoni mwandiko wangu ulibandikwa ukutani ili wengine waige! Nikamwambia nina kipindi, kwaheri. Alipoondoka nilikwenda kusimama kwenye dawati la mwisho kabisa, ili nihakikishe kwamba yeye ndiye mkosaji. Kila mstari ulianza kwa herufi za kawaida, ukaendelea kupungua, na kufika upande wa kulia ulikuwa vijidudu tu. Hata mimi sikuweza kuusoma. Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani nilikuwa mimi.

Basi nikaenda hospitali, na hapo ndipo niliposhika adabu. Garissa kila kosa hubebeshwa joto. Wa kwanza kunipima akasema ni joto, ninywe maji. Wa pili akapima malaria, hakuiona, akaona "taifodi kidogo", akanidunga sindano siku tano. Bega la kulia lilikuwa gumu, nikapewa dawa ya kuchua. Mwalimu mkuu akasema ni mawazo, nipunguze mawazo, halafu papo hapo akaniongezea darasa. Mume wangu alisema ni umri. Jumapili moja tukitoka kanisani akaniuliza mbona nimeukunja mkono wa kulia kama niliyebeba mkoba. Sikuwa na mkoba. Tulicheka sana, na kicheko hicho kinaniudhi hadi leo.

Safari ya tatu nilimkuta tabibu mpya, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nilikuwa tayari kumdharau. Hakugusa kipimo cha malaria. Alinipa karatasi niandike, akaniambia nitembee ukumbini kwenda na kurudi, akaniambia nigonganishe kidole cha shahada na gumba haraka haraka. Mkono wa kushoto ulienda. Wa kulia ulianza vizuri, ukachoka, ukasimama.

"Mama, hili si joto. Unatakiwa umwone daktari bingwa wa neva, Nairobi."

"Lakini kichwa hakiniumi. Sijaanguka. Sina ganzi."

"Si lazima uanguke kwanza. Mwili ukibadilika upande mmoja, na siku zinapita haurudi ulivyokuwa, hiyo peke yake inatosha. Na ubebe maandishi yako ya zamani."

Maandishi ya zamani ninayo mengi kuliko nguo. Nilibeba maazimio yangu ya kazi, yale madaftari ambayo mwalimu huandika atakachofundisha kila wiki, kisha Ijumaa anampelekea mkuu apige muhuri. Ya miaka mitatu.

Daktari wa Nairobi aliuliza mambo ambayo sikujua yanahusiana. Nasikia harufu? Nikakumbuka Idi kwa jirani yangu, wageni wote wakisifu uunsi, ule ubani wa Kisomali, uliokuwa ukifuka chumbani, nami sinusi kitu, nikalaumu vumbi. Alinizungusha mkono, akanitazama nikitembea, kisha akanitajia ugonjwa ambao watu huuita wa kutetemeka.

"Lakini mimi sitetemeki!" Karibu nimgombeze.

"Wengine hawatetemeki, hasa mwanzoni."

Akafungua madaftari yangu, akayapitia kuanzia mwisho kurudi nyuma. Herufi zikawa zinakua kadiri alivyofunua. Akasimamisha kidole kwenye wiki moja ya muhula wa pili, miaka miwili nyuma. Sikukumbuka lolote la wiki hiyo. Kuanzia hapo mwandiko ulipungua ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila ukurasa palikuwa na muhuri, sahihi, na maneno "Kazi safi".

Nilimuuliza kama nitaponywa.

"Hauponi. Lakini kuna kidonge kitakacholegeza huo mkono. Wengi hupata nafuu kubwa. Ungeweza kuwa unakitumia siku zote hizi."

Nikatazama blauzi yangu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiamka nusu saa kabla ya nyumba nzima ili nihangaike na vifungo bila kuonekana, nikaona aibu, nikajiambia ndio uzee, uvumilie. Kumbe kulikuwa na kidonge.