Gauni la Mahakamani la Bi. Earnestine

Bi. Earnestine Pruitt ana gauni la buluu lenye kola nyeupe ambalo halivai kanisani wala msibani. Ni gauni la mahakamani. Alilinunua mwaka alioitwa kwa mara ya kwanza kukaa juri, wale watu kumi na wawili wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia. Akalivaa, akaenda, akarudishwa kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo ameitwa tena na tena, na hajakalia kiti hata siku moja.

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa kwetu Alabama mpaka alipostaafu. Watoto wakigombana kwenye foleni nani kamsukuma nani, yeye ndiye aliyekuwa anaamua, tena bila kuweka mwiko chini. Kaka yake, Roosevelt, alihukumiwa na juri isiyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika mji ambao nusu yetu ni weusi. Alifia gerezani.

"Sitaki kumpendelea mtu," aliniambia siku moja tukichambua kunde barazani kwake. "Nataka tu niwemo mle chumbani wakati wanaamua. Mara moja tu, kabla sijafa."

Mimi nilikuja mji huu kusoma, nikaolewa, nikabaki. Nafanya kazi kwenye chuo cha sheria. Kila Agosti hutujia mawakili kutoka nchi za mbali, wengine ni mahakimu kabisa kwao, nasi tunawaonyesha sheria za Marekani zinavyoendeshwa. Mwishoni wanaigiza kesi ya boti iliyoibiwa, na juri tunaiokota mtaani. Kazi ya kuiokota ni yangu. Wa kwanza kumpigia simu siku zote alikuwa Bi. Earnestine.

Alikuja na gauni lake la buluu. Boti ile ile ikaibiwa kila mwaka, naye akaisikiliza kama ndiyo kwanza anasikia habari zake. Juri ikiingia chumbani kujadiliana, wageni walichungulia kwenye kioo, na profesa akawaambia kwa majivuno kwamba hapa hata mpishi wa shule anaamua kesi. Nilikuwa nayapenda maneno yale.

Mwaka huu wakaongeza somo la kuchagua juri. Wakamleta Lyle Hatchett, mwendesha mashtaka mstaafu mwenye tabasamu la muuza magari. Nilikuwa nyuma ya darasa napanga vikombe vya kahawa. Akaeleza kwamba kila upande unaweza kuengua watu kadhaa bila kusema kwa nini, ila sheria inakataza kumwengua mtu kwa sababu ya rangi yake. Upande wa pili ukilalamika, aliyemwengua lazima atoe sababu nyingine isiyo ya rangi.

"Na sababu zimejaa tele," akasema. "Amekunja mikono. Hakunitazama machoni. Ana ndugu aliyefungwa. Chukua mojawapo, iseme polepole, kaa chini."

Wakacheka, wakaandika. Watu wazima na heshima zao, wanaunakili upuuzi ule neno kwa neno! Kipindi kilipokwisha nikamfuata.

"Bwana Hatchett, hivi hicho ndicho tunachowafundisha wageni?"

"Dada, nawafundisha mambo yalivyo. Ulitaka niwadanganye?"

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hapo alisema kweli.

Siku ya kesi ya boti, upande wa mashtaka ulisimamiwa na Derlis Benítez, wakili kijana kutoka Paraguai. Jumapili iliyotangulia alikuwa mezani kwa Bi. Earnestine, anakula kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, anamwita mama. Sasa akasimama mbele yake na karatasi mkononi.

"Kuna ndugu yako aliyewahi kufungwa?"

"Kaka yangu. Alifia humo humo."

"Pole sana."

"Asante, mwanangu. Kesi yako nitaisikiliza kwa haki."

Derlis akaitazama karatasi yake. "Mheshimiwa, tunamwengua mama wa kiti cha nne."

Upande wa utetezi akainuka Enkhtuya, mwanamke wa Mongolia asiyependa maneno mengi. "Napinga. Anaondolewa kwa sababu ni mweusi."

"Sababu yako?" Hatchett akamuuliza Derlis. Joho la hakimu alikuwa amelivaa yeye.

Ile ya kaka ilimshinda Derlis kuitamka, nadhani kwa sababu ya kile chakula. "Amekunja mikono, Mheshimiwa. Na hakunitazama machoni."

Mikono ya Bi. Earnestine ilikuwa juu ya mkoba wake, yote miwili, na macho yake hayajabanduka kwa kijana yule tangu asimame. Darasa zima lilikuwa linaona.

"Imekubaliwa," Hatchett akasema. "Safi sana, Derlis. Kama mzaliwa wa hapa."

Wakapiga makofi. Uongo wa kijana naweza kuumeza, lakini makofi yale yamenikaa kooni.

Bi. Earnestine akasimama. "Mwalimu, kijana kafaulu?"

"Kafaulu vizuri sana, mama."

"Haya. Maana yule mwendesha mashtaka wa kweli, ile mara yangu ya kwanza mahakamani, alisema maneno hayo hayo."

Akachukua mkoba wake akatoka. Derlis alimkimbilia mpaka kwenye maegesho, nami nyuma yake.

"Mama, nisamehe. Lilikuwa zoezi tu."

"Najua. Kwenu mna juri?"

"Hatuna, mama. Anaamua hakimu."

"Basi mkija kuianzisha, usiwapelekee hili." Akampa keki ya viazi vitamu aliyokuwa amewaokea darasa zima, akaingia kwenye gari lake.

Mwezi uliofuata mahakama ya kweli ikamwita tena. Alikuwa ametimiza miaka sabini, na katika umri huo mtu anaweza kuomba asamehewe akabaki nyumbani. Nikamkuta anapiga pasi gauni.

"Si ungepumzika tu, Bi. Earnestine? Unajua watakachofanya."

"Najua." Akaigeuza kola. "Lakini nikijiondoa mwenyewe, nimewafanyia kazi yao. Waniondoe wao. Wasimame mbele za watu, wanitazame, waseme uongo wao kwa midomo yao."

"Na kwetu chuoni, mwakani utakuja?"

"Kwenu siji tena. Kwenu nilikuwa nakuja kwa sababu nilikuwa napewa kiti."

Nilimpeleka mahakamani kwa gari langu. Kabla ya chakula cha mchana akanipigia simu nikamchukue. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi, gauni halina hata kunyanzi.

"Safari hii wamesema nini?" nikamuuliza.

"Mikono," akasema, akafunga mkanda wa gari.