Waya Kwenye Mugumo

Mugumo wangu hauzidi urefu wa mkono wangu, na nimeuchoka. Nisiseme uongo. Ungekuwa ardhini ungepasua ukuta wa ploti nzima, lakini hapa Kariobangi unaishi ndani ya trei ya bati kwenye roshani, na mimi ndiye mtumishi wake.

Mume wangu aliung'oa kwenye ufa wa ukuta ukiwa mche, akasema atautengeneza bonsai, mti wa kudumazwa ndani ya chombo. Mafundi wenzake wa jua kali walimcheka. Akakunja bati, akalitoboa chini maji yatoke, akajaza kokoto na udongo kidogo. Kila masika aliutoa, akapunguza mizizi kwa mkasi, akaurudisha. Machipukizi aliyakata kwa kucha yakiwa bado laini. Matawi aliyazungushia waya wa shaba aliotoa kwenye mota iliyoungua, akayapinda polepole yaelekee chini, ili mti uonekane mzee. Waya huo, alisema, hukaa miezi michache tu, kisha hutolewa kabla haujauma gome. Hakuwahi kuutoa. Aliugua, tukamzika.

Tangu hapo naunywesha kabla ya kwenda kiwandani Baba Dogo, na tena nikirudi miguu ikiniwaka moto. Mifereji ikikauka nanunua maji ya mkokoteni, na mti hunywa kabla sijaosha sufuria. Jirani yangu hunitania, "Sasa mathe! Hako kamti kako bado kako nasari, hakakui?" Nami hucheka naye, ingawa hata kucheka kunanichosha. Lakini waya sikuugusa. Ulipindwa na vidole vyake, ningeufunguaje?

Juzi mama mkwe alikuja kutoka Murang'a na gunia la viazi. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kwenye roshani, amekalia stuli, koleo la marehemu mkononi.

"Huu si mugumo?" aliniuliza. "Kwetu ni mti mtakatifu, hata panga haliusogelei. Mbona mmeufunga kama mwizi?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia aliyeufunga ni mwanawe, na auache hivyo hivyo alivyouacha yeye. Nilimpazia sauti mama wa watu, na viazi vyake bado viko mlangoni.

Alinionyesha tawi kubwa. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome, na majani ya mbele yake yamegeuka manjano. Wiki nzima nilikuwa nayaona yakidondoka, nikisingizia jua.

"Utakufa huu, mami," alisema. "Na wewe pia umekonda."

Nikaketi sakafuni na viatu vyangu vya kazi. Nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza.

Nilidhani ataukata waya kwa koleo. Aliliweka chini, akaanza kuufungua kwa vidole, kidogo kidogo, akipuliza vumbi la gome. Ilimchukua muda, vidole vyake vina baridi yabisi. Nilitaka kumsaidia, akanitikisia kichwa. Mwishowe waya ulitoka mzima, bado umejiviringa vile vile mwanawe alivyoupinda.

Nikanyoosha mkono niupokee. Hakunipa. Aliufunga kwenye pembe ya leso, akaisukuma ndani ya blauzi, kifuani.

"Wewe umekaa na mkono wake siku zote hizi," alisema. "Mimi sikuwa na kitu."

Nikaurudisha mkono wangu mapajani.