Fimbo Mlangoni mwa Ghala

Baba yangu alizaliwa Meatu, katika nyumba ya wafugaji, na mama yangu alizaliwa Maswa, kwa watu waliolima mtama. Majina yao unayajua. Hapa usiyaandike, kwa sababu hawakupenda kutajwa na wasiowafahamu. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi hizi ni zako, mjukuu wangu, lakini maneno ni yangu. Usiyapambe.

Tulipohamia huku na ng'ombe wetu, tulijenga nje ya mji wa Mpanda, upande wa njia ya Kasekese. Hapo ndipo nilipomfundisha baba yako kupigana kwa fimbo, kama nami nilivyofundishwa na baba yangu. Hatukuwa na uwanja. Ng'ombe wakirudi malishoni, kabla hawajatulia, mzazi na mwanawe huingia zizini katikati yao, kila mmoja na fimbo yake. Pale hakuna anayekuambia ujiandae. Fimbo inatoka nyuma ya mgongo wa fahali, nawe unatakiwa kuikinga bila kumgusa ng'ombe wala kukanyaga ndama. Ukimpiga ng'ombe, umeshindwa. Ukiinamisha macho, unapigwa. Hatukuwa na maelezo. Maelezo yalikuwa uvimbe.

Fimbo yenyewe mzazi huikata porini, huipaka samli, kisha huining'iniza juu ya moshi wa jiko mpaka igeuke nyeusi. Katika ukoo wetu, aliyekupa fimbo ndiye mwalimu wako. Na mtu akiilaza fimbo yake chini mlangoni mwa mwanamume mwingine, maana yake ni moja tu: ameuacha mkono wa kwanza, sasa ni mtu wa pale.

Miaka ya tisini ilipoanza, baba yako alikuwa kijana anayepeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Huko alimkuta fundi cherehani aliyekuja kwa treni kutoka Tabora, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyefundisha karate katika ghala la zamani la tumbaku. Mavazi meupe ya wanafunzi wake aliyashona mwenyewe kwa marekani, kile kitambaa cha pamba. Mwanzoni baba yako aliondoka asubuhi akarudi mchana. Baadaye akawa anarudi jioni. Hatimaye akawa anarudi na maneno.

"Sensei amesema ngumi inaanzia kiunoni."

"Nani amesema?"

"Sensei, baba. Ni Kijapani. Maana yake mwalimu."

Nilikuwa nimemfundisha kijana huyu tangu alipoanza kuchunga ndama, na hakuwahi kuniita mwalimu, si kwa Kijapani, si kwa Kisukuma. Kama wivu una mahali unapozaliwa, wangu ulizaliwa pale, nikiwa nimeshika kibuyu cha maziwa.

Akaanza kufanya mazoezi yake uani. Alipiga ngumi hewani, akageuka, akapiga teke hewani, akageuka tena, kila hatua ikiwa imepangwa kabla, wala hapakuwa na mtu mbele yake.

"Mzee, njoo umwone mwanao anavyofukuza nzi!" bibi yako akaniita, na wadogo zake wakaanguka kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anapendeza. Zizini alipigana kama mtu anayetafuta pa kutokea. Pale uani alisimama kama mtu aliyekwisha kufika. Nilijiuliza ni nani aliyempa utulivu ule, na jibu nilikuwa nalo.

Siku moja nilikwenda mjini kununua dawa ya kuogeshea mifugo, nikapitia kwenye lile ghala. Nje ya mlango ndala zilikuwa zimepangwa kwa mstari. Kando yake, chini kabisa, ilikuwa imelala fimbo ya baba yako. Nilichungulia ndani. Vijana walisimama safu kwa safu kwenye sakafu ya saruji, mwalimu akatamka sauti moja, wote wakainama. Baba yako naye aliinama, macho yakiwa sakafuni, mbele ya mtu mzima aliyemkabili. Nikaiokota fimbo, nikarudi nayo nyumbani.

Jioni alifika akitokwa jasho. "Baba, nimeibiwa fimbo."

"Haikuibwa. Uliilaza mlangoni mwa mtu."

"Silaha haziingii mle, baba. Ndiyo sheria yao."

"Na sheria yetu?"

Alinitazama, akatazama miguu yake. "Hata ndala zangu niliziacha pale pale. Nazo nimempa?"

Bibi yako alicheka huko jikoni mpaka akapaliwa.

"Ndala hazikuning'inizwa kwenye moshi na mtu," nikamjibu, na fimbo sikumpa.

Jumapili iliyofuata, mwalimu mwenyewe alikuja. Alipofika kwenye lango la zizi, alivua viatu, akaviweka kando, akainama kuelekea kwa ng'ombe, halafu akakanyaga samadi mbichi kwa miguu mitupu. Mke wa jirani alikuwa amesimama na ndoo. "Jamani," akasema, "huyu anasali kwa mifugo?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba kijana. Nataka ahamie mjini, anisaidie kuwafundisha wadogo. Bila ruhusa yako simchukui."

Ndipo nikajua kilichokuwa kikitafutwa. Si mikanda, si mavazi meupe. Mwanangu mkubwa alikuwa anaombwa, na aliyemwomba alikuwa na adabu kiasi kwamba sikuweza hata kumfukuza. Nikamwambia, "Kabla sijajibu, chukua fimbo uingie."

Akachukua fimbo ya mdogo wake baba yako. Akasimama vizuri sana, mguu mmoja mbele, mgongo umenyooka. "Mzee, tunaanza lini?" akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kumpiga.

Akautazama mkono wake, akainama. "Asante, mzee. Tena." Nikampiga tena, na safari hiyo mtamba mmoja alimsukuma kwa ubavu, akateleza. Baba yako aliruka akamdaka kiwiko. Nilikiona kiwiko kile vizuri. Mimi mwanangu hakuwahi kunidaka. Ni kweli kwamba sikuwahi kuanguka mbele yake, lakini wakati ule sikulifikiria hilo.

Yule mtu hakukasirika. Alijifuta samadi kwenye suruali, akauliza, "Mzee, kabla ya kupiga unafanya nini?"

"Napiga."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo sijapiga."

Vijana wakacheka, naye akacheka pamoja nao. "Basi nionyeshe polepole," akasema. "Polepole kabisa, kama mgonjwa."

Katika maisha yangu sikuwahi kuirusha fimbo polepole. Nilipojaribu, mkono wangu mwenyewe ukanishangaza, kama mtu anayesikia sauti yake kwenye redio. Alinizunguka, akachuchumaa, akanirudisha nyuma, akahesabu kwa Kijapani chao, ichi, ni, san, yaani moja, mbili, tatu, na baba yako akahesabu naye.

"Ni bega," akasema mwishoni. "Bega la kushoto la mzee linashuka kwanza. Fimbo inafuata."

"Eee! Bega!" Baba yako alipaza sauti kama mtu aliyeoneshwa ng'ombe wake aliyepotea.

Nikageuka nikampiga yeye, kwa nguvu zangu zote, bila kumwonya. Akaikinga. Ilikuwa mara ya kwanza kuikinga kwa usafi namna ile, na hakumgusa ng'ombe hata mmoja. Nilifurahi na kuchukia kwa pumzi moja. Miaka yote nilikuwa nimempiga ili ajue jambo hilo, na mgeni huyu akamwambia kwa sentensi moja, akiwa na samadi magotini. Nikamgeukia mgeni nikampiga naye. Hakuikinga, maana kulijua bega ni jambo moja, na kulitazama huku ng'ombe amekukanyaga kidole ni jambo jingine. Hilo lilinipoza kidogo. Kidogo tu.

Tulipotoka zizini nilimuuliza baba yako mbele ya wote. "Utamfuata nani?"

Bibi yako aliacha kupepeta mahindi.

"Nitakaa mjini, baba," akasema. "Na kila Jumapili nitakuja unipige."

"Nami, mzee, ukiniruhusu," mwalimu akasema.

"Wewe sijakuruhusu," nikamjibu, lakini alikuja.

Fimbo ya baba yako niliitoa ndani. Sikumkabidhi mkononi. Niliiegemeza ukutani, nikaenda kunywesha ng'ombe maji, na niliporudi haikuwepo. Maziwa akawa anayapeleka mdogo wake.

Baada ya mavuno nilipita tena kwenye lile ghala. Watoto wadogo walikuwa wamepanga safu, baba yako akiwa mbele yao. Kila mmoja alishika kijiti, na kwa hesabu ile ya Kijapani walikuwa wakirusha pigo langu hewani, hatua kwa hatua, bega la kushoto likiwa limetulia ili lisiwachongee. Walilitengeneza vizuri kuliko nilivyolipokea kwa baba yangu. Mapumziko yalipofika, nikamwita mmoja.

"Pigo hilo mmelitoa wapi?"

"Kwa Sensei, yule fundi, mzee," akasema, akakimbilia maji.

Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo. Wivu ule sijauacha, na sitaki mtu aniombee uniache.

Sasa sikiliza mambo ya kuhifadhi. Lile vazi la marekani lililomo sandukuni mwa baba yako, ukipenda lihifadhi, ukipenda lishonee mto, sina neno. Neno wivu liache lilivyo kila mahali nilipolitamka. Baba yako atakushauri uweke huzuni, usimsikilize. Popote unapomtaja yule fundi cherehani, mwandike mwalimu wa pili, na hilo la pili lisifutwe na mtu. Watoto wako wakifika umri, waoneshwe polepole kwanza, ndipo wapigwe kweli, katikati ya ng'ombe. Utaratibu huo ushike. Wakikuuliza hilo la polepole lilitoka kwa nani, waambie waende wakachunge ndama.