Mwalimu Benedicta Zizini kwa Baba

Mtu akiniuliza nani alinisomesha, simtaji profesa yeyote. Namtaja Mwalimu Benedicta, Mbena mfupi mwenye sauti kubwa, aliyefundisha darasa la vidudu pale Rujewa mwaka 1975. Mungu amzidishie.

Jamani, mama yule! Ukimwuliza kitu, hakujibu. "Wewe unaonaje? Haya, twendeni tukatazame." Basi tunatoka wote, mara mferejini, mara kwenye majaruba ya mpunga, tunarudi na matope mpaka masikioni. Wazazi walinung'unika. Sisi tulikuwa na raha zetu.

Siku moja akatupeleka nyumbani kwetu, kwenye zizi la baba yangu, mzee Bujiku, tukajifunze kuhesabu. Weee! Sisi ni Wasukuma tuliohamia Usangu, na kwa baba ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Ni kuwaitia kifo. Mwalimu hakujua, nami nilikuwa mdogo mno kumwambia. Watoto wameanza tu "moja, mbili," baba akatoka na fimbo.

"Tokeni! Na wewe Kashindye, shule basi. Kuanzia kesho unachunga ndama."

Nililia mpaka kwikwi.

Kesho yake Mwalimu akaja na darasa zima, akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Nimekosa. Nakuomba umrudishe mtoto."

Ndipo Damari, kitoto cha darasani kwetu kisichojua woga, kikauliza: "Babu, sasa kama huwahesabu, akipotea mmoja unajuaje?"

Nikafumba macho, nikingoja fimbo. Mwalimu wala hakumnyamazisha. Baba akakohoa, akakaa kwenye gogo.

"Njoo hapa. Yule mwenye paji jeupe ndiye hutangulia. Huyu mwekundu haachani na dada yake. Nikimwona peke yake, moyo unashtuka."

Akatufumbisha macho, akamficha mmoja nyuma ya nyumba. "Haya, nani hayupo?" Tukakosea, tukabishana, tukarudia kuwatazama mmoja mmoja mpaka tukapata. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona hivyo, na hadi leo nashukuru niliiona siku ile.

Walipotaka kuondoka, Mwalimu akauliza kwa unyonge, "Na Kashindye, mzee?"

Baba akaniangalia. Kwetu kuchunga ndama ni kazi ya watoto. Mzee mwenye zizi kama lile akionekana nyuma ya ndama, watu watamcheka. Akainuka, akaokota fimbo yake.

"Aende," akasema. "Ndama nitawachunga mwenyewe."