Mama Alipopiga Magoti Bila Ruhusa

Mama yangu, Efrazia, alitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya kikombe cha maji. Mdogo wangu Mika alikuwa akiwaka homa, mvua imekata barabara ya kushuka Lushoto, na zahanati ya karibu haikuwa na dawa. Mama akambeba mgongoni hadi kwa jirani yetu Mwislamu, Mzee Bakari, naye mzee akaandika aya za Kurani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akamnywesha mtoto. Hilo ndilo huitwa kombe. Mika alifariki kesho yake. Kwa sisi Walutheri wa Shume hilo lilikuwa kosa la kukukalisha benchi la nyuma, mpaka usimame mbele ya watu useme unajuta.

Washauri wakamiminika. Fanueli, mzee wa kanisa, aliyeokoka na asiyetuacha tusahau kwamba ameokoka, alisema Mungu humrudi anayempenda ili dhambi iliyofichwa itoke nuruni. Shangazi Secilia, aliyeolewa kwa Wakatoliki, alimshauri anyamaze tu, ayatoe mateso yake kwa Mungu kama sadaka. Mama aliwapikia chai wote wawili. Mimi ningewamwagia.

Mama hakusimama kujuta. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha, sote tukihimizwa kuwa ndugu. Kwenye shamba la kijiji wanawake walilima naye bega kwa bega. Jumapili walewale walimwachia benchi zima peke yake.

Kisha kikafika kipaimara changu, siku ya kupokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Kwetu mtoto hupiga magoti na mama yake ubavuni, wakala mkate pamoja. Fanueli akaja tena kusema kwamba sentensi moja tu ya kujuta ingetosha. Nilimtaka mama pale kuliko nilivyotaka gauni jeupe, nikamwambia hivyo, ila asiseme uongo kwa ajili yangu.

"Klara, nani kakwambia nitasema uongo?" akanijibu.

Siku hiyo akasimama. Fanueli alitabasamu mapema mno.

"Ninajuta," mama alisema. "Ninajuta kwamba nilikaa kutwa nzima natafuta dhambi yangu, kama mlivyonifundisha, mtoto anaungua. Ningekwenda kwa Mzee Bakari mapema. Ningekwenda kwa yeyote. Na siamini kwamba Mungu alimuua mwanangu ili anitie adabu mimi."

Fanueli akamwonyesha benchi la nyuma. Mama akampita, akaja kupiga magoti ubavuni mwangu. Mchungaji akanipa mkate, akamruka mama, akampa aliyefuata. Nililia kwa hasira.

Tangu hapo, kila Meza ya Bwana, mama alikwenda mbele, akapiga magoti, akarukwa, akarudi nyumbani kichwa juu. Miaka ikapita hivyo. Watu walisema atachoka, kumbe anayechoka ni mchungaji. Jumapili moja alifika mbele ya mama, akasita, akampa mkate.

Mama akala. Hakumshukuru.